Kula Sana Bila Kunenepa

Buhemba ni mahali katika wilaya ya Butiama, mkoa wa Mara, napo pamejulikana tangu siku za utawala wa Waingereza kwa sababu ya dhahabu iliyo ndani ya miamba yake. Hata leo wako watu wanaoshuka mashimoni kwa kamba na tochi, wakapasua mawe kwa nyundo na kuyapandisha juu kwa magunia. Wako na wengine wasioshuka, bali hukaa dukani kununua dhahabu, wakiipima kwa mizani midogo ambayo haikosi kuonyesha hata uzito wa chembe.

Saa ya mchana watu hawa hukutana penye chakula. Huletwa ugali wa muhogo na mtama, na dagaa wa ziwani, na mboga. Hapo mara nyingi huonekana jambo la kustaajabisha. Mchimbaji mwembamba, ambaye mbavu zake zahesabika, hukata tonge kubwa baada ya tonge kubwa, na wenzake wakiisha kunawa yeye bado anafuta sinia. Mwenye duka, ambaye mshipi wake haumtoshi tena, amekula matonge machache tu akanyanyuka. Walioko hucheka, wakauliza, "Je, chakula cha huyu huingia wapi?"

Majibu hayakosekani. Mmoja husema kwamba mchimbaji ana minyoo tumboni, nayo ndiyo ilayo. Mwingine husema kwamba ana damu kali. Wa tatu, ambaye labda wamegombana, husema kwamba mtu mwenye roho mbaya hanenepi hata akila ng'ombe mzima. Habari ya mwenye duka nayo hutolewa hukumu: kwamba ni mlafi wa siri, au kwamba ni raha ya fedha zake. Maneno haya husemwa kwa mzaha, lakini si mzaha siku zote. Wako watoto waliopigwa nyumbani kwa kula kuliko nduguze, na wako wengine waliodhihakiwa shuleni kwa unene ambao hawakuutaka. Tena wako waliokonda kwa ugonjwa, huku jamaa zao wakibishana juu ya roho mbaya na minyoo, hata siku za kuwaponya zikapita. Kwa hiyo swali la wale wachekao penye sinia lastahili kujibiwa vizuri.

Mtu wa kwanza kulijibu kwa mizani, wala si kwa maneno, alikuwa tabibu wa mji wa Padua katika nchi ya Italia, jina lake Santorio. Alitengeneza mizani kubwa kama ile ya kupimia magunia, akatundika kiti chake juu yake. Hapo alikaa kula. Alijipima kabla ya kula na baada ya kula; akakipima chakula, akapima na kila kilichotoka mwilini mwake. Yasemekana alifanya hivyo kwa muda wa miaka 30, naye alieleza habari zake katika kitabu cha mwaka 1614. Aliona jambo ambalo hakulitazamia. Kwa kila ratli 8 za chakula na kinywaji zilizoingia, ratli 3 tu zilitoka chooni. Zile 5 zilikwenda wapi? Mwili wake haukuongezeka, wala hakuna aliyeziona zikitoka. Santorio alisema kwamba zilitoka kama mvuke usioonekana, katika ngozi na katika pumzi. Hakukosea sana, lakini kwa nini zitoke hivyo, hakuweza kusema.

Ilipita zaidi ya miaka 160 kabla ya kupatikana jawabu. Wakati wa baridi wa mwaka 1782 kuingia 1783, katika mji wa Paris, Mfaransa Lavoisier na mwenzake Laplace walimtia simbilisi katika chombo. Simbilisi ni mnyama mdogo, mfano wa panya asiye na mkia. Chombo hicho kilizungukwa na barafu pande zote. Joto la mnyama likayeyusha barafu, nao wakayapima maji yaliyotiririka. Kisha walipima hewa aliyoivuta na hewa aliyoitoa, wakazilinganisha na hewa itumikayo mkaa unapowaka. Wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuwaka. Mkaa huvuta oksijeni katika hewa, ukatoa joto na hewa ya mkaa. Na mnyama hufanya vivyo hivyo, ila moto wake ni wa polepole, hauna mwali, na kuni zake ni chakula. Baadaye Lavoisier na msaidizi wake Seguin waliwapima watu. Waliona kwamba mtu huteketeza zaidi akifanya kazi, huteketeza zaidi akiisha kula, na huteketeza zaidi akiwa katika baridi. Mwaka 1794, wakati wa fitina kuu ya Ufaransa, Lavoisier alikatwa kichwa, kwa kuwa alikuwa mmoja wa watoza kodi wa mfalme.

Hivyo ikajulikana kwamba chakula kikiisha kuliwa kina njia tatu. Sehemu hutoka chooni bila kutumika. Sehemu huteketezwa katika moto wa mwili. Sehemu inayobaki huwekwa akiba, hasa kwa mafuta chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Mtu hunenepa pale tu akiba iingiayo inapozidi akiba itolewayo. Njia ya nne haipo. Basi kama mchimbaji ala kweli kuliko mwenye duka, wala hanenepi, lazima moto wake uwe mkubwa zaidi. Au kama moto wao ni sawa, lazima jicho la watazamaji limedanganyika. Yote mawili hutokea.

Chakula na moto huu hupimwa kwa kipimo kimoja kiitwacho kalori. Kalori moja, kama ihesabiwavyo katika habari za chakula, ni joto litoshalo kupasha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Mtu mzima huteketeza yapata kalori 2,000 hata 3,000 kwa siku, na wenye kazi nzito sana huzidi hapo. Wengi hudhani kwamba kalori hizo huliwa na mikono na miguu. Sivyo. Kwa mtu asiye na kazi nzito, zaidi ya nusu huteketezwa hata akilala kitandani mchana kutwa, kwa maana moyo hauachi kupiga, ini halipumziki, na ubongo haulali. Ubongo peke yake, ambao uzito wake ni kama sehemu mbili katika mia za mwili, hula sehemu moja katika tano za moto wa mtu aliyepumzika.

Hapa laonekana jambo la kwanza, nalo ni ukubwa wa mwili. Nyumba kubwa hutaka kuni nyingi. Mtu mrefu mwenye mifupa mipana na misuli mingi anateketeza zaidi ya mtu mfupi, hata wote wawili wakiketi kimya. Kwa hiyo akila zaidi hakuna ajabu, bali analipa deni lake. Tena misuli huteketeza kuliko mafuta yenye uzito sawa. Na jambo ambalo wengi hawalitazamii: mtu mnene, kwa kuwa ni mkubwa, kwa kawaida moto wake wa siku nzima ni mkubwa kuliko wa mtu mwembamba wa kimo chake. Yule asemaye kwamba mnene amenenepa kwa kuwa moto wake ni mdogo, mara nyingi amekosea. Watoto nao, kwa kila kilo ya miili yao, huteketeza kuliko wakubwa, na mvulana anaporefuka upesi huweza kula sawa na baba yake akabaki kama ufito.

Jambo la pili ni jicho. Watu huuona mlo mmoja, lakini mwili huhesabu yote. Methali yasema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Mwili hauijui methali hiyo, hukumbuka cha jana, na cha juzi, na kile kilichoonjwa penye chungu. Mchimbaji aliyefuta sinia saa nane huenda hakutia kitu kinywani tangu usiku wa jana, wala hatatia kingine mpaka usiku huu. Mwenye duka aliyekula matonge machache alikunywa chai asubuhi kwa maandazi mawili, akanywa tena saa nne, na karanga zilikuwa katika bakuli karibu na mizani yake. Hakuna aliyemhesabia, naye mwenyewe hakujihesabia.

Tena wingi wa chakula kwa macho si wingi wa kalori. Sehemu kubwa ya uzito wa ugali ni maji yaliyotiwa sufuriani. Gramu 100 za unga wa mahindi zina yapata kalori 360, nazo hufanya tonge la kujaza sahani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina yapata kalori 120, yaani theluthi ya hizo, nacho chapotea ndani ya mboga kisionekane kabisa. Konzi moja ya karanga yapata kalori 170. Basi anayekula mlima wa ugali kwa mchicha uliochemshwa na dagaa wachache aweza kuwa amekula kidogo kuliko aliyekula vipande viwili vya muhogo uliokaangwa na chupa ya soda.

Kwamba watu hujidanganya katika hesabu hii, hata bila nia mbaya, lilithibitishwa mjini New York. Walikuwako watu wanene waliosema kwamba hula kidogo sana kila siku, wala hawakondi. Matabibu waliwachunguza 10 miongoni mwao, wakatoa habari zao mwaka 1992. Moto wa miili yao ulipimwa, ukaonekana kuwa wa kawaida. Kisha kikapimwa walichokula kweli. Ilidhihirika kwamba walikuwa wakikisahau karibu nusu ya chakula chao, na kazi walizofanya walizikuza kupita zilivyokuwa kwa nusu nyingine. Hawakuwa waongo; walikuwa na hakika na maneno yao. Pengine wembamba nao hukosea kwa upande wa pili, husema "mimi hula sana" kwa kukumbuka siku za karamu.

Na makosa madogo yatosha. Mwanafunzi aweza kufanya hesabu hii. Mtu akizidisha kalori 50 tu kila siku, ambazo ni kama vijiko vitatu vidogo vya sukari, kwa siku 365 atazidisha 18,250. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi yapata kalori 7,700. Gawanya, nawe utaona kilo mbili na zaidi kwa mwaka mmoja. Hesabu hii si kamili, kwa maana mwili ukiongezeka moto wake nao huongezeka, mpaka mizani ikasimama tena. Lakini yaonyesha kwamba tofauti iwezayo kumnenepesha mtu ni ndogo mno, haionekani kwa jicho la mtu aketiye upande wa pili wa sinia.

Jambo la tatu ni kazi. Hapo wachimbaji wa Buhemba watasema kwamba jawabu liko wazi: wao hupasua mawe, na mwenye duka huketi. Kweli, nyundo hula kalori, na mtu akipanda shimo na gunia begani moto wake hupanda mara nyingi kuliko akiwa ameketi. Lakini ukubwa wa jambo hili si kama udhaniwavyo, na ushahidi umepatikana hapa hapa Tanzania. Kusini-mashariki ya Mara, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, liko ziwa Eyasi lenye maji ya chumvi. Karibu na ziwa hilo hukaa Wahadzabe, ambao wengi wao wameishi kwa kuwinda kwa upinde, kuchimba mizizi, na kutafuta asali na matunda ya mwituni na mibuyu. Ni watu wembamba wenye nguvu. Mwenye elimu mmoja wa Marekani, Herman Pontzer, pamoja na wenzake, alitaka kujua moto wao ni mkubwa kiasi gani. Alitazamia kuona mkubwa mno.

Njia waliyoitumia yastahili kuelezwa, kwa kuwa ni ya akili sana. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikamana. Yawezekana kutengeneza maji ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake ni nzito kidogo kuliko za kawaida, hata zikaweza kutambulikana kama ng'ombe aliyetiwa chapa. Mtu hunywa maji hayo kidogo, wala hayamdhuru. Haidrojeni yenye alama hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na mvuke. Oksijeni yenye alama hutoka kwa njia hiyo hiyo, lakini hutoka pia katika hewa ya mkaa ipumuliwayo. Kwa hiyo oksijeni hupungua upesi kuliko haidrojeni. Na tofauti ya kasi hizo mbili, ikipimwa katika mkojo kwa muda wa siku kadhaa, huonyesha hewa ya mkaa iliyotoka ni kiasi gani, na hivyo moto ulikuwa mkubwa kiasi gani. Mtu huendelea na mambo yake, huwinda na kulala, bila kufungiwa katika chombo kama yule simbilisi wa Paris.

Walipimwa watu wazima 30, wanaume 13 na wanawake 17, na habari zao zikatolewa mwaka 2012. Kwa wastani wanaume walitembea zaidi ya kilometa 11 kwa siku, na wanawake karibu kilometa 6, wanawake wakiwa na kazi ya kuchimba mizizi katika udongo mgumu na pengine mtoto mgongoni. Hata hivyo, ulipolinganishwa na ukubwa wa miili yao, moto wao wa siku nzima haukuzidi ule wa watu wa Marekani na Ulaya waendao kwa motokaa na kufanya kazi vitini. Pontzer alistaajabu. Maelezo yake ni kwamba mwili una busara ya mwenye nyumba: ukitumia sana upande wa miguu siku zote, hubana matumizi upande mwingine usioonekana. Wenye elimu bado wanabishana juu ya kadiri ya kubana huko, wala haimaanishi kwamba kazi ni bure, kwa maana kazi huimarisha moyo na misuli, na kuzuia maradhi. Lakini wembamba wa Wahadzabe hautokani na moto mkubwa ajabu. Watokana kwa sehemu kubwa na chakula chao: mizizi yenye nyuzi ngumu ambayo hutafunwa muda mrefu, matunda, nyama isiyo na mafuta mengi. Asali wanaipenda sana, lakini sharti wapande mbuyu kuifuata.

Yamebaki mambo mawili, na haya ndiyo kiini cha fumbo. Maana tukiondoa ukubwa wa mwili, na udanganyifu wa jicho, na kazi, je, wako watu ambao kweli hulishwa sawa na wenzao, wasinenepe sawa? Wako.

Katika Quebec, nchi ya Kanada, walichaguliwa vijana wanaume waliozaliwa mapacha, jozi 12, wote wa namna ile wanaofanana kama sura na kioo chake. Walikaa mahali pamoja wakiangaliwa, na kwa siku 84 katika muda wa siku 100 kila mmoja alilishwa kalori 1,000 zaidi ya haja yake, wala hawakuruhusiwa mazoezi mengi. Habari hii ilitolewa mwaka 1990 na Claude Bouchard na wenzake. Wote waliongezeka, lakini si sawa: aliyeongezeka kidogo aliongeza kilo 4.3, na aliyeongezeka sana kilo 13.3. Chakula kilichozidi kilikuwa kile kile! Na jambo kubwa ni hili, kwamba pacha walifuatana. Mmoja akiongezeka kidogo, ndugu yake naye kidogo. Mmoja akiongezeka sana, na mwenzake vivyo. Hapo hakuna roho mbaya wala ulafi. Ni urithi, kama kimo na umbo la pua.

Lakini urithi huo hufanya kazi kwa njia gani? Sehemu ya jibu ilitolewa mwaka 1999 na James Levine na wenzake huko Rochester, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Walilisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa majuma 8. Mmoja aliongeza mafuta gramu 360 tu, yaani chini ya nusu kilo. Mwingine aliongeza zaidi ya kilo 4. Walipochunguza kalori za yule wa kwanza zilikwenda wapi, waliona kwamba hakufanya mazoezi yoyote. Alihangaika tu. Baada ya kushiba alisimama badala ya kuketi, alitembea huku na huku, alibadili mkao, alitikisa miguu, wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Mwili wake uliufungua mlango, ukaitoa ziada. Mwili wa yule mwingine ulitulia na kuiweka ghalani.

Kila darasa lina mtoto wa namna hiyo, ambaye mwalimu humkemea kila siku kwa kutotulia kitini.

Sehemu nyingine ya urithi haimo katika moto, imo katika njaa yenyewe. Mwaka 1994 iligunduliwa mjini New York kwamba mafuta ya mwili hayakai kimya kama gunia stoo. Hutoa kitu kiingiacho damuni, kiitwacho leptini, ambacho hupeleka habari kwa ubongo kwamba akiba ipo. Na tumbo na utumbo nao wana wajumbe wao. Kwa watu wengine ubongo husikia wajumbe hao mapema. Kwa wengine huchelewa. Yule mwembamba aliyekula pilau ya arusi jana mpaka watu wakamshangaa, leo huachia uji kikombeni, na kesho husahau chakula cha jioni, bila kujizuia wala kufikiri. Watu waliiona pilau. Uji ulioachwa hakuna aliyeuona. Mwingine, aliyekula pilau ile ile, leo njaa yake imerudi saa ile ile kama kawaida, naye sharti ashindane nayo. Kumwita huyo mlafi ni kumwonea, kwa maana kazi ambayo mwenzake hufanyiwa na mwili, yeye huifanya kwa nguvu ya nia.

Mwembamba wa namna zote hizi ni mzima. Uzito wake haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, nguvu zake zipo, hulala vizuri, na mtoto huendelea kurefuka. Mtu wa namna hiyo haihitaji dawa ya kumnenepesha, na vidonge viuzwavyo sokoni kwa kazi hiyo vyaweza kumdhuru. Ni jambo jingine kabisa mtu anapokula na huku akizidi kukonda. Hapo sharti kutofautisha: kuwa mwembamba si kukonda. Suruali iliyomkaa mtu vizuri mwezi wa kwanza ikimlegea mwezi wa tatu, naye hakupunguza chakula, iko sababu, na sababu hiyo hutafutwa hospitali.

Minyoo ndiyo hushitakiwa kwanza. Safura hunyonya damu, na minyoo mingine humnyang'anya mtoto chakula, tena katika nchi zilizo karibu na ziwa Viktoria iko pia kichocho. Lakini maradhi haya mara nyingi hupunguza hamu ya kula badala ya kuiongeza. Kifua kikuu hukondesha, nacho huwapata kwa urahisi zaidi wale waliovuta vumbi la mawe miaka mingi. Mchimbaji akikohoa majuma mawili na nguo zikamlegea asiseme ni kazi nzito. Virusi vya Ukimwi navyo hukondesha mtu asiyepata dawa. Iko tezi mbele ya koo ambayo huongoza ukubwa wa moto wa mwili. Ikizidisha kazi yake mtu hula sana na kukonda, moyo hupiga mbio, jasho humtoka, na mikono hutetemeka. Wote hawa wana dawa.

Lakini ugonjwa ufananao zaidi na fumbo la Buhemba, na ulio wa hatari kubwa kwa watoto, ni kisukari cha namna ya kwanza. Katika mwili iko nyama iitwayo kongosho, ambayo hutoa insulini. Insulini ndiyo huifungulia sukari mlango itoke damuni, iingie katika misuli. Kongosho likiacha kuitoa, sukari hurundikana damuni isiingie mahali pa kutumika. Mtoto hula, naye hafaidi; ana njaa katikati ya shibe. Sukari hutoka kwa mkojo, ikivuta maji pamoja nayo, na waganga wa kale wa Bara Hindi waliwahi kuona sisimizi wakiukusanyikia mkojo wa namna hiyo. Kwa hiyo mtoto hunywa maji bila kukoma, huamka mara nyingi usiku kukojoa, pengine aliyeacha zamani kukojoa kitandani huanza tena, hula kuliko wote nyumbani, na kila juma amekonda zaidi. Kisha huchoka, hutapika, pumzi huwa nzito, na asipotibiwa huzimia na kufa. Katika nyumba nyingi mtoto huyo amekwisha kuitwa mlafi na mvivu, akapewa dawa ya minyoo, akapelekwa kwa mganga, na yote hayo hupita kabla ya mtu kutaka tone moja la damu ya kidole chake, ambalo hupimwa kwa dakika chache na kuonyesha ugonjwa waziwazi.

Zamani hata kujua hakukusaidia. Mpaka mwaka 1921 matabibu hawakuwa na njia ila kumnyima mtoto chakula, ili sukari isizidi damuni, na hivyo kumwongezea siku chache za kuishi kwa njaa. Mwanzoni mwa mwaka 1922 alikuwa amelazwa katika hospitali ya mji wa Toronto, nchi ya Kanada, mvulana aitwaye Leonard Thompson, ambaye uzito wake ulikuwa ratli 65 tu, kama kilo 30. Katika mji huo Frederick Banting na Charles Best walikuwa wamepata kutoa insulini katika kongosho za wanyama. Tarehe 11 Januari Leonard alichomwa sindano ya kwanza. Dawa haikuwa safi, ikamletea jipu, wala haikumfaa sana. Mwenzao, James Collip, akakesha akiisafisha. Tarehe 23 Januari alichomwa tena, na sukari ikashuka. Akaanza kupata nguvu, akaanza kula na chakula kikamfaa, uzito wake ukaongezeka. Leonard Thompson aliishi miaka 13 zaidi, akafa mwaka 1935 kwa homa ya mapafu.